Kipimajoto Hujipima Chenyewe: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Joto

Barua nyingi mlizotuma safari hii zina kiini kimoja: mkono au chombo kimesema jambo, akili ikakataa. Tumechagua zile zinazofundisha zaidi. Katika majibu yetu, joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na halijoto (wengine shuleni waliizoea kwa jina la jotoridi) ni kiwango kinachosomwa kwenye kipimo. Nyuzi zote ni za Selsiasi, isipokuwa pale tuliposema vingine.

SWALI: Ndugu mhariri, mwalimu alituambia kwamba meza ya mbao na miguu yake ya chuma vina halijoto moja. Nimevigusa vyote asubuhi. Chuma kina baridi zaidi, hakuna ubishi. Nani mkweli? (Mwanafunzi wa kidato cha pili)

JIBU: Mwalimu yuko sahihi. Mkono wako nao haukudanganya, ila haukupima ulichodhani unapima. Vitu vilivyolala chumba kimoja usiku kucha, mbali na jua na moto, huishia kwenye halijoto moja. Lakini mishipa ya fahamu inayohisi baridi haiko ndani ya chuma wala ndani ya mbao. Iko ndani ya ngozi yako. Kinachofika kwenye ubongo ni habari ya ngozi yenyewe: imepoa kiasi gani, na kwa kasi gani.

Tuchukue kiganja chenye nyuzi 33 na chumba chenye nyuzi 20. Chuma cha kawaida hupitisha joto mara mia kadhaa zaidi ya mbao: kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila nyuzi 1, chuma ni takriban 50, mbao ni kati ya 0.1 na 0.2. Juu ya hayo, chuma ni kizito, na kila sentimita ya ujazo wake humeza joto jingi kabla haijapata moto. Ukigusa chuma, joto la ngozi huvutwa na kusambazwa ndani haraka, na mpaka kati ya kidole na chuma hushuka hadi nyuzi 21 hivi papo hapo. Ukigusa mbao, joto linaloingia hubaki pale pale juu, likaupasha moto ubao ulio chini ya kidole, na mpaka hukaa karibu na nyuzi 30. Tofauti hiyo ya nyuzi 9 ni ya kweli kabisa. Ipo kwenye ngozi yako.

Jaribu hivi: weka vipande viwili vya barafu vinavyolingana, kimoja juu ya sufuria ya alumini iliyofunikwa kifudifudi, kingine juu ya ubao. Kile cha juu ya alumini, iliyoonekana “baridi” mkononi, ndicho kitakachoyeyuka kwanza, maana chuma kinachovuta joto haraka kutoka kwako hulipeleka haraka vilevile kwenye barafu. Vitu hivyo vikipata nyuzi 50, hisia inageuka: chuma kinachoma, mbao ni vuguvugu tu. Na vikiwa na nyuzi 33, sawa na kiganja chako, hutaweza kuvitofautisha kwa kugusa.

SWALI: Jana ilikuwa nyuzi 20, leo 40. Je, ni haki kusema leo kuna joto mara mbili? (Msomaji wa kila toleo)

JIBU: Hapana. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu, haimaanishi kwamba joto limekwisha. Sifuri ya kweli iko kwenye −273.15, na ndipo kipimo cha kelvini kinapoanzia. Nyuzi 20 ni kelvini 293.15, ukizidisha mara mbili unapata kelvini 586.3, yaani nyuzi 313. Leo kumezidi jana kwa asilimia 7 hivi tu.

SWALI: Nina kipimajoto cha kidijitali chenye ncha ndefu ya chuma. Nilikipima kwenye maji ya barafu kikasoma 2, kwenye maji yanayochemka kikasoma 96. Kimeharibika? (Mpishi wa hoteli)

JIBU: Huenda hakina kosa lolote. Kabla ya kukilaumu chombo, tazama ulivyopima, kwa sababu hakuna kipimajoto duniani kinachopima kitu kingine. Kila kipimajoto hupima halijoto yake chenyewe, na kazi yako ni kuhakikisha kwamba halijoto yake na ya kile unachotaka kujua zimekuwa moja. Neno hilo litarudi mara nyingi katika kurasa hizi.

Tuanze na barafu, ambapo makosa ni mengi zaidi. Watu wengi hujaza glasi maji, wakatupia vipande vitano vya barafu, wakachovya ncha hadi chini. Maji ni mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo yale ya nyuzi 2, 3 au 4 huzama na kukaa chini, na barafu inaelea juu. Chombo chako kilisoma 2 kwa sababu pale ncha ilipokuwa palikuwa na 2.

Njia sahihi ni kuanza na barafu, si maji. Ponda barafu iliyotengenezwa kwa maji safi hadi chembe zisizozidi sentimita 1. Jaza nayo kikombe cha nusu lita hadi ukingoni, kikiwa chenye kuta nene au cha povu. Kisha mimina maji safi ya baridi taratibu hadi yafike chini kidogo ya uso wa barafu. Barafu ikianza kuelea na kuacha tabaka la maji matupu chini, mwaga maji yaliyozidi na uongeze barafu. Koroga, subiri dakika 5, koroga tena. Chovya ncha angalau sentimita 5, katikati, bila kugusa ukuta wala kitako. Soma namba ikitulia kwa nusu dakika. Hapo unayo 0, na kosa lake ni sehemu ndogo sana ya nyuzi 1.

Mambo mawili huharibu kazi hiyo. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda, na mchanganyiko wa barafu na chumvi nyingi unaweza kufika −21. Kwa hiyo vyombo viwe vimesuuzwa. Na barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza, uso wake ukiwa bado haujalowa, ina nyuzi −18 au karibu na hapo. Haitoi sifuri mpaka uso wake uwe umelowa na kung’aa, ndiyo maana ya zile dakika 5.

Ncha iliyochovywa kidogo mno nayo hupotosha, maana joto la chumba hushuka kupitia mwili wa chuma hadi kwenye kihisi. Kanuni ya mafundi ni kuchovya angalau mara 10 ya unene wa ncha: ikiwa na milimita 4, shuka sentimita 4, ukiongeza urefu wa kihisi chenyewe.

Kuhusu 96: maji huchemka kwenye 100 pale tu kanieneo ya hewa (mgandamizo wake) inapokuwa ile ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi 1. Kwenye mita 1,200, namba 96 ndiyo jibu sahihi. Kwenye mita 1,500 utaona 95. Kuongeza moto hakusaidii, kunaongeza mvuke tu. Tafuta kimo cha mahali ulipo, kisha urudie jaribio la barafu kama tulivyoeleza. Chombo kikisoma +2 kwenye barafu iliyoandaliwa vizuri, na pia kikazidi kwa 2 kwenye maji yanayochemka, kosa lake ni la kudumu: toa 2 katika kila usomaji, au ukisawazishe kama kina kitufe cha kusawazishia. Makosa yakitofautiana sana kati ya vipimo hivyo viwili, kibadilishe.

SWALI: Kipimajoto cha infraredi, kile chenye umbo la bastola, kinasema sufuria yangu ya chuma kinachong’aa ina nyuzi 35, na ndani maji yanatokota! Mbona sakafu na ukuta kinavipima vizuri? (Fundi umeme)

JIBU: Chombo hiki hakigusi kitu. Kinapokea miale ya infraredi (miale ya joto isiyoonekana kwa macho) inayotoka kwenye uso, kisha kinakisia halijoto kutokana na wingi wa miale hiyo. Kisio lake limejengwa juu ya dhana kwamba uso unatoa asilimia 95 ya miale ambayo uso mweusi kamili ungeitoa. Ukuta uliopakwa rangi, mbao, karatasi, mpira, ngozi na maji vinakaribia sana dhana hiyo. Metali inayong’aa iko mbali nayo: hutoa asilimia 10, pengine 5. Zilizobaki si miale yake. Ni miale ya kuta, ya dari, na yako wewe uliyeshika chombo, inayorudishwa kama kwenye kioo. Tumekokotoa kwa sufuria yenye nyuzi 95, chumba cha 25 na uso unaotoa asilimia 10: chombo kilichowekwa 0.95 kitaonyesha takriban 35. Hiyo ndiyo namba uliyoiona.

Dawa si kubadilisha namba ya 0.95 kuwa 0.1, hata kama chombo kinaruhusu. Kwenye uso unaong’aa, alama ndogo ya mafuta au mkwaruzo hubadilisha utoaji wa miale mara mbili, na jibu litarukaruka. Badilisha uso. Bandika kipande cha utepe wa karatasi, ule wanaoutumia wapaka rangi, au paka doa la rangi nyeusi isiyong’aa inayostahimili moto. Subiri dakika 2 au 3 lipate halijoto ya metali, kisha lenga pale. Utepe mweusi wa umeme unafaa kwa vitu vya vuguvugu, lakini wa plastiki ya kawaida huanza kulegea ukipita nyuzi 80.

Mambo mengine ya chombo hicho: nukta nyekundu ya leza haipimi kitu, inaonyesha tu unapolenga. Eneo linalopimwa ni duara, na ukubwa wake unategemea umbali. Kikiandikwa 12:1, ukisimama sentimita 60 kinasoma duara la sentimita 5. Ukisimama mita 1.2, duara la sentimita 10. Ukilenga fyuzi yenye upana wa sentimita 1 kutoka mita moja, umepima zaidi ukuta ulio nyuma yake, na kwa fundi umeme hilo ni jambo la hatari, kwa sababu kiunganishi kilicholegea na kupata moto kitaonekana salama. Kioo cha dirisha hakipitishi miale hiyo. Utasoma halijoto ya kioo. Na chombo kikitoka kwenye gari lililokaa juani, kiache dakika 20 hadi 30 kizoee chumba.

SWALI: Nimefunga themokapo mpya ya aina K kwenye tanuri. Nikiwasha, namba inashuka badala ya kupanda. (Fundi wa matanuri)

JIBU: Umezigeuza nyaya. Themokapo ni waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha moja. Aina K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi 1 ya tofauti kati ya ncha iliyo kwenye moto na skrubu za mita (kile chombo kinachoonyesha namba), na mita hujumlisha halijoto ya skrubu zake ili kukupa jibu. Nyaya zikigeuka, alama inakuwa hasi na mita inatoa.

Kinachowaponza wengi ni rangi. Kwa utaratibu wa IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme), aina K ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Kwa utaratibu wa Marekani, njano ni chanya na nyekundu ni hasi, kinyume na mazoea ya kila fundi umeme. Ukiwa na shaka, leta sumaku: waya wa hasi wa aina K (alumeli) huvutwa na sumaku, wa chanya (kromeli) hauvutwi.

Kuna kosa baya kuliko hilo, kwa sababu halijitangazi. Ni kurefusha waya kwa nyaya za shaba. Kipimo huanzia pale shaba inapoanzia. Kama kisanduku cha viunganishi kiko kando ya tanuri chenye nyuzi 60, na mita iko kwenye 25, utasoma pungufu kwa 35 na tanuri litapita kiwango bila wewe kujua. Tumia waya wa kurefushia wa aina ile ile. Nao huo ukiugeuza ncha zote mbili, namba itapanda vizuri kabisa, lakini itakuwa pungufu kwa mara mbili ya tofauti hiyo, yaani 70. Kwa hiyo usitosheke kuona namba inapanda. Kagua kila kiunganishi.

SWALI: Feni inapoza chumba? Mume wangu huiacha ikizunguka tukitoka ili tukirudi tukute ubaridi. (Msomaji)

JIBU: Mwambie aizime. Umeme wote unaoingia kwenye feni huishia kuwa joto ndani ya chumba. Feni ya wati 60 kwa saa moja hutoa jouli 216,000. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye urefu wa mita 2.5, kina hewa ya kilo 36 hivi. Joto hilo lingeipandisha nyuzi 6 kama kuta zisingelimeza sehemu kubwa. Kwa kweli hutaona 6, ila huwezi kuona kushuka.

Feni humpoza mtu. Hufagia tabaka la hewa vuguvugu lililoshika ngozi, na huharakisha kukauka kwa jasho. Kila gramu ya jasho inayokauka huondoka na karibu jouli 2,400. Weka kipimajoto kikavu mbele ya feni, hakitabadilika. Funga ncha yake kwa kitambaa kilicholowa, kitashuka nyuzi kadhaa, na kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo kinavyoshuka zaidi. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi yako, tuseme nyuzi 38, upepo wa feni unakuletea joto, na jasho pekee ndilo linalokuokoa.

SWALI: Kwa nini themosi ya kioo inang’aa ndani kama kioo cha kujitazamia? Na kwa nini yangu imeacha kutunza joto, ingawa haina ufa? (Msomaji)

JIBU: Muundo huo ulibuniwa na James Dewar mwaka 1892: chupa mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake hewa imenyonywa. Joto lina njia tatu za kutoroka. Mpitisho ni pale linapopita ndani ya kitu, kutoka chembe hadi chembe. Myuko ni pale hewa au maji yanaposafiri nalo. Mnururisho ni pale linapotoka kama miale, na miale haihitaji kitu cha kupitia. Ombwe, yaani ile nafasi iliyonyonywa hewa, linazuia njia mbili za kwanza, lakini ya tatu linaiachia.

Hapo ndipo mng’ao unapofanya kazi. Kuta nyeusi za nyuzi 90 ndani na 25 nje zingepoteza kwa miale takriban wati 540 kwa kila mita ya mraba. Chupa ya lita moja ina eneo la mita za mraba 0.06 hivi, yaani wati 32, na maji yangepoa nyuzi 1 kila dakika 2. Kuta zote mbili zikipakwa fedha inayotoa asilimia 2 tu ya miale, upotevu huo unashuka hadi theluthi moja ya wati. Ni sababu ile ile iliyomdanganya fundi umeme hapo juu, na hapa inafanya kazi ya maana. Joto linalobaki hutorokea shingoni na kwenye kizibo, na ndiyo maana themosi iliyojaa hutunza joto kuliko iliyo nusu, na kila kufungua kunagharimu.

Sasa themosi yako. Ombwe halina “nusu”. Hewa iliyobaki kidogo kati ya kuta hupitisha joto karibu sawa na hewa kamili, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Sababu ni kwamba ukipunguza molekuli, kila moja husafiri mbali zaidi kabla ya kugongana na nyingine, na mambo hayo mawili hufutana. Upitishaji huanza kushuka pale tu molekuli zinapokuwa chache kiasi cha kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta bila kugongana. Kwa pengo la milimita chache, hiyo ni kanieneo ya paskali 1 hivi, mara laki moja chini ya hewa ya kawaida. Kwa hiyo tundu dogo lisiloonekana kwenye ncha iliyozibwa, kule kitakoni, linatosha kuimaliza kazi yote. Jaza maji ya moto, subiri dakika 10, gusa kioo cha nje katikati, si karibu na shingo. Kikiwa vuguvugu, ombwe limekwisha. Halirudishwi nyumbani, nunua chupa mpya ya ndani.

SWALI: Kipimajoto nilichotundika kwenye ukuta wa nje kinasoma 48 mchana, taarifa za hali ya hewa zinasema 33. Wanatuficha? (Mkulima)

JIBU: Hawakufichi. Kipimajoto kilichoko juani kinameza miale ya jua na ya ukuta kuliko hewa inavyoweza kukipoza. Kinasema kweli kuhusu chenyewe: kina 48. Halijoto ya hewa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vya mshazari vinavyopitisha upepo, kikiwa na kimo cha kati ya mita 1.25 na 2 juu ya nyasi, mbali na kuta na lami. Ukitaka namba inayokaribiana na yao, tengeneza kisanduku kama hicho. Kivuli cha bati hakitoshi, kwa sababu bati lenyewe hupata moto na kumiminia kipimajoto miale yake.

SWALI: Mstari wa kimiminika katika kipimajoto changu cha maabara umekatika vipande viwili. Nikipashe moto kiungane? (Mwalimu wa kemia)

JIBU: Usikipashe kwa moto, kimiminika kikijaa hadi juu, kioo kitapasuka. Fanya kinyume: chovya tungi tu kwenye mchanganyiko wa barafu na chumvi hadi kimiminika chote kirudi ndani ya tungi na kuungana, kisha kisimamishe wima kipate joto taratibu. Halafu kihakiki kwa barafu kabla ya kukiamini. Kama ni cha zebaki na kikavunjika, usifagie wala usitumie mashine ya kunyonya vumbi, maana vyote huisambaza hewani. Toa watu, fungua madirisha, sukuma matone kwa kadi ngumu hadi kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipimajoto vya kawaida vya zebaki, kwa hiyo unaponunua kingine, chagua cha spiriti au cha kidijitali. Cha spiriti kihifadhi kikiwa kimesimama, ndipo mstari wake hautakatika upesi.